Masomo Saba au Tisa? Yasemwayo Barazani Tanga Kuhusu Sekondari za Serikali

Kila Januari, kabla orodha za masomo ya kidato cha tatu hazijabandikwa ubaoni, ofisi yetu hupata wageni. Mwaka mmoja alikuja mama mmoja wa Makorora, karatasi imekunjwa mkononi. "Mwalimu, nimekuja kumtoa binti yangu fizikia na kemia. Nimeambiwa yakibaki yatamshusha divisheni." Aliyemwambia ni shemeji yake, shemeji kaambiwa na jirani, na jirani kayasikia barazani Ngamiani.

Nafundisha hesabu na fizikia katika shule ya kutwa ya serikali hapa mjini Tanga, yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja. Miaka yote hii nimeona watoto wakiumizwa na mitihani, lakini nimeona wengi zaidi wakiumizwa na maneno ambayo hakuna aliyekwenda kuyahakiki. Naanza na hilo la mama wa Makorora, maana ndilo linalofunga milango mingi, tena mapema.

"Masomo mengi yanashusha divisheni"

Hapana. Baraza la Mitihani linapokokotoa divisheni ya kidato cha nne, yaani daraja la jumla la ufaulu, huchukua masomo saba tu, yale ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Mwenye 34 au 35 ndiye aliyepata sifuri.

Sasa tazama. Katika mtaala uliokuwapo kabla ya ule mpya ulioanza kuingizwa mwaka 2024, masomo ya lazima yalikuwa saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Ukimwondolea mtoto fizikia na kemia akabaki na hayo saba, basi yote saba yatahesabiwa, hata lile lililomshinda. Na mara nyingi lililomshinda ni hesabu. Mwaka 2023 waliofaulu hesabu kidato cha nne nchi nzima walikuwa takriban robo ya watahiniwa.

Nilichukua kalamu nikamwandikia yule mama nyuma ya karatasi yake. Mtoto ana B ya Kiswahili, C tano, na F ya hesabu. Mbili, jumlisha kumi na tano, jumlisha tano: pointi 22, divisheni ya tatu. Kisha mtoto huyo huyo, alama zile zile, ila safari hii hakuacha sayansi. Fizikia kapata F, kemia kaambulia D. Ana masomo tisa, yanachukuliwa saba bora, F zote mbili zinaachwa pembeni na ile D inashika nafasi ya hesabu. Mbili, kumi na tano, nne: pointi 21. Divisheni ya pili.

Mama aliitazama ile karatasi kwa muda. Akaniuliza, "Kwa D?" Nikamwambia ndiyo, kwa D moja ya kemia.

Na bado sijagusa jambo kubwa zaidi. Mtoto anayetaka kusomea utabibu katika vyuo vya kati vya afya ataulizwa ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia, na D huhesabiwa kuwa ni ufaulu. Aliyeziacha akiwa na miaka kumi na tano hana cha kuonyesha, hata kama ana B nzuri za sanaa. Nimewahi kupigiwa simu na kijana aliyemaliza kwetu, mama yake anauguzwa hospitali ya Bombo, naye ameketi benchi la nje anawatazama matabibu wakipita. Akaniuliza afanyeje ili na yeye asome kazi ile. Ilibidi nimweleze kwamba aanze kwa kurudi kufanya mitihani ya sayansi kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Sisemi kila mtoto abebe tisa. Yupo ambaye tisa yatamchanganya akose hata yale saba, na mwalimu wa darasa anamjua. Ninachokataa ni kuamua kwa hesabu isiyokuwapo.

"Kidato cha pili ni upimaji tu"

Neno "upimaji" limewaponza wengi. Asiyefikia kiwango hurudia darasa. Tena matokeo yake hayaishii pale: yanaingia katika alama za maendeleo ya mwanafunzi, ambazo ni 30 kati ya 100 za kidato cha nne, mtihani wa mwisho ukibeba 70. Kwa hiyo mtoto anayelala kidato cha pili na kukesha kidato cha nne anaingia chumba cha mtihani akiwa tayari ana deni.

"Hajui Kiingereza, basi hana akili"

Hili linanichoma kuliko yote, na wanaolisema wakati mwingine ni walimu wenzangu.

Nilikuwa na kijana wa Mabawa, mkimya, anakaa nyuma karibu na dirisha. Jioni alikuwa anamsaidia mjomba wake, fundi baiskeli. Kwenye jaribio la mashine rahisi alipata mbili juu ya ishirini, na majibu yake yalikuwa ni maneno ya maswali yenyewe, ameyapanga upya. Siku moja nilipeleka baiskeli yangu kwa mjomba wake nikamkuta kijana anamfungia mteja wa mizigo meno ya nyuma makubwa zaidi. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu bila kuinua kichwa: "Mzigo mzito huu, mwalimu. Meno makubwa, unakanyaga mara nyingi na tairi linakwenda kidogo, lakini mguu hauumii. Nguvu unailipia kwa mwendo."

Nguvu unailipia kwa mwendo. Mada nzima niliyoifundisha wiki tatu ilikuwa ndani ya maneno hayo manne.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila somo isipokuwa Kiswahili linageuka Kiingereza, na mtihani pia. Anapewa kozi fupi ya lugha mwanzoni, kisha safari inaanza. Anayeshindwa kujibu swali la fizikia huenda ameshindwa na fizikia, au huenda ameshindwa na swali tu, na hizo ni shida mbili zenye dawa mbili. Kumkataza kusema Kiswahili uwanjani hakumpi Kiingereza, kunampa ukimya. Kilichomsaidia kijana yule ni daftari dogo la maneno, kumi kila wiki, na ruhusa ya kueleza kwanza kwa Kiswahili, kisha kuandika alichosema kwa Kiingereza. Mwalimu anaweza kufanya hivyo hata darasa likiwa na watu sabini. Mzazi naye, hata kama hakusoma sekondari, anaweza kumwambia mwanawe jioni: hebu nieleze leo mmesoma nini, nieleze kwa lugha yetu. Asiyeweza kueleza kwa Kiswahili hajaelewa bado.

"Ni Kayumba, na kubwa vile, mtoto atapotea"

Msongamano upo, siwezi kuuficha. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 40 kwa darasa, na kwa shule nyingi za mjini hicho ni kiwango cha kwenye karatasi. Lakini watu hulitamka neno Kayumba kana kwamba shule zote za serikali ni moja. Tanga ilikuwa na shule ya serikali tangu miaka ya 1890, enzi za Mjerumani. Leo zipo za ufundi, zipo za zamani zenye kidato cha tano na sita, zipo za kata zilizojengwa kwa wingi baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004. Kuzipima kwa jina moja ni kuwaonea walimu na watoto.

Ukubwa nao una upande wake mzuri. Katika shule yenye mikondo sita huwa kuna zaidi ya mwalimu mmoja wa somo moja, kwa hiyo mtoto asiyenielewa mimi anaweza kumfuata mwenzangu. Kuna skauti, kuna mdahalo, kuna timu zinazojiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Anayepotea shule kubwa ni yule ambaye nyumbani kwao hakuna anayemjua mwalimu wake wa darasa hata kwa sura.

Kuhusu "shule kumi bora", Baraza liliacha kutangaza orodha hiyo tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Anayekutajia shule ya ngapi kitaifa leo amejipangia mwenyewe.

"Elimu ni bure, shule isiniombe kitu" na "Hujachanga, mtoto asiingie darasani"

Hizi ni dhana mbili zinazogombana, na zote mbili zimekosea. Ada imeondolewa, kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23. Kabla ya 2016 ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare, madaftari na nauli ya daladala bado ni juu ya mzazi. Michango inayokubaliwa na wazazi kikaoni ipo, nayo ni ya hiari. Mtoto hafukuzwi kwa sababu yake.

"Mwalimu yeyote anaruhusiwa kuchapa"

Kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, vinaandikwa kitabuni, na msichana huchapwa na mwalimu wa kike, labda pasiwepo wa kike shuleni. Mzazi anaweza kuomba kuonyeshwa kitabu hicho.

"Divisheni ya nne ni kufeli"

Si kufeli. Kwenda kidato cha tano kunahitaji angalau C tatu zisizo za masomo ya dini, kwa hiyo huko wengi hukwama. Lakini mwenye D nne za namna hiyo anaweza kuomba vyuo vingi vya astashahada, kila kozi na masharti yake. Nimewaona wazazi wakimzika mtoto mzima kwa divisheni ya nne, hata chuo hawakumtafutia.

"Akishapata mimba, shule imekwisha"

Ilikuwa hivyo, kwa miaka mingi mno. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Asiyetaka kurudi darasa lile lile ana njia nyingine: madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kisha mtihani wa maarifa, unaompa sifa ya kufanya ule wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Bibi mmoja kutoka Pongwe alikuja kwetu na mjukuu wake, mtoto mchanga yuko mgongoni kwa bibi. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisema, "Mwalimu, nimekuja kuomba radhi na kuchukua daftari zake, kama zilibaki." Nilimwambia daftari zitapatikana, lakini kwanza twende kwa mkuu wa shule tukajaze fomu ya kurudi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Tulipotoka ofisini aliuliza tena, safari hii kuhusu sare, maana ile ya zamani haimtoshi binti, na wiki inayofuata hakutaka imkute nyumbani. Nikamwelekeza kwa fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili.