Linux ya Kuanzia Nyumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ni mfumo wa mafundi, na kwamba anayeuweka kwenye kompyuta ya nyumbani atashinda akiandika amri kwenye skrini nyeusi. Hilo lilikuwa na ukweli wake miaka ya 1990, muda mfupi baada ya Linus Torvalds kutoa kiini cha mfumo huo mwaka 1991. Leo mtumiaji wa Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, hubofya menyu, huperuzi kwa Firefox na huandika barua kwa LibreOffice bila kugusa amri hata moja.

Vijana wengi huanza na Kali Linux kwa kuwa wameisikia ikitajwa pamoja na wadukuzi. Kali ni zana ya wapimaji wa usalama wa mitandao, na watengenezaji wake wenyewe wameandika waziwazi kwamba haimfai anayeanza kujifunza Linux. Kumwekea mtoto Kali kwa kazi za shule ni kuleta tingatinga kulima bustani ya mchicha.

Husemwa pia kwamba Linux yoyote hufufua kompyuta kuukuu. Linux Mint hutolewa kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na hii ya mwisho ndiyo nyepesi. Hata hivyo watengenezaji wake hutaja RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 2 kuwa kiwango cha chini na hupendekeza GB 4. Isitoshe, kinachomeza RAM zaidi kwa kawaida ni kivinjari, kwa hiyo mashine dhaifu itawaka vizuri kisha ikwame pale kurasa kumi zitakapofunguliwa pamoja.

Kuhusu hofu ya kupoteza mafaili, kuujaribu mfumo moja kwa moja kutoka kwenye flashi hakufuti kitu kwenye diski. Kinachofuta ni kuusakinisha kwa kuchagua diski nzima ifutwe. Jaribio hilo ndilo mwamuzi bora, mradi upime Wi-Fi, sauti na printa.

Wapo wanaodai kwamba programu zote za Windows zitafanya kazi vilevile. Si kweli: Microsoft Office ya kusakinishwa haina toleo la Linux, na anayeitegemea kwa kazi za ofisini ni afadhali aiache Windows ibaki kando ya Linux katika kompyuta ileile, baada ya kunakili mafaili yake mahali pengine.