Kahawa ya presi haiivi kama chai

Nilianza kupikia wageni hapa Milimani, Nakuru, na akili ya chai, yaani ukiona rangi imekolea basi imeiva, mimina. Hiyo dhana ndio inaharibu kahawa nyingi. Ukimwaga maji kwa presi, ile jagi yenye chujio ya kusukuma chini, kahawa inakuwa nyeusi saa hiyo hiyo, lakini ukionja ni maji tu yenye ukali wa ndimu. Rangi haikuambii kitu, angalia saa: dakika 4 kwa kahawa iliyosagwa chengachenga, kama gramu 60 kwa lita moja. Na angalia juu pia. Mwanzo unga unapanda unafanya gamba la mapovu, kahawa ikiwa fresh linafura vizuri, ikiwa imekaa kwa kabati miezi linabaki limelala tu. Dakika ya nne ikifika pitisha kijiko, gamba livunjike, utaona machicha yanaanza kuzama pole pole. Hapo sasa.

Wengine wanakwambia maji yakichemka lazima usubiri yapoe kidogo. Kwa mtu wa Mombasa sawa, huko yanachemka digrii 100. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, maji yanachemka kwa kama 94, na kahawa inataka kati ya 90 na 96, so ukisubiri tena si unaipoza bure? Mimina tu.

Halafu ati ukishasukuma chujio chini kahawa imeacha kuiva. Wapi! Machicha bado yanaogelea huko ndani yakitoa uchungu, toa yote uweke kwa thamosi. Na chujio ikigoma kushuka usikazane nayo, umesaga laini sana, kahawa ya moto inaweza kukurukia.

Sasa Kifaransa, maana wageni wengine wanatoka Ufaransa. Kwanza usiwaambie ni presi ya Kifaransa, kwao ni cafetière à piston, na Attilio Calimani aliyechukua hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, 1929 alikuwa Muitaliano wa Milan. Pili, mimi nilidhani tayari ni tayari, neno moja kwa watu na vitu kama kwetu. Kumbe kwao hata majina ya vitu yana ya kiume na ya kike, na kahawa ni ya kiume, le café est prêt, hiyo t ya mwisho haisikiki, unasema "pre". Mwanamke akiwa tayari ni je suis prête, hapo t inasikika, na mimi mwanamke mzima nilisema "pre" mwezi mzima bila mtu kunirekebisha.

Lakini iliyoniaibisha ni siku nimemaliza vyombo nikatangaza kwa sauti je suis finie, nikijua nimesema nimemaliza. Mama mmoja akaweka kikombe chini akanitazama kwa huruma, kumbe hiyo ni kama kusema mimi nimekwisha, basi tena. Ya kumaliza kazi ni j'ai fini. Mpaka siku anaondoka, kila asubuhi aliniuliza kwanza kama bado niko hai, halafu ndio anaomba kahawa.