Watoto wakipungua kituoni, usianze kwa kushusha ada

Kila Januari napigiwa simu na wenye vituo vya kulelea watoto mchana, wa Kimara, Tabata, Mbagala, na swali ni lilelile: "Watoto wameondoka, nifanyeje?" Wengi wanapopiga wameshachukua hatua mbili tayari. Wameshusha ada, na wamemwambia mlezi mmoja apumzike kwanza. Nami nina kituo hapa Dar es Salaam, na kazi yangu nyingine ni kukaa na wamiliki wenzangu kupitia madaftari yao ya mahesabu. Leo naomba nieleze kwa nini hatua hizo mbili ndizo zinazofunga vituo vingi.

Tuchukue mfano wa kituo chenye nafasi 28 na ada ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Pango ni 400,000. Mishahara ya walezi na mpishi, pamoja na michango ya NSSF, ni 1,000,000. Umeme, maji, gesi na mlinzi, 150,000. Jumla ni 1,550,000, na utazilipa wawepo watoto 28 au wawepo 8. Kisha kuna gharama inayomfuata kila mtoto: uji wa lishe, chakula cha mchana, tunda, sabuni, tishu. Tuseme 30,000. Basi kila ada inakuachia 70,000 za kubebea ule mzigo mkubwa. Ukigawanya 1,550,000 kwa 70,000 unapata 22 na kidogo, yaani unahitaji watoto 23. Chini ya hapo unatoa mfukoni. Ukibaki na 16, pengo lako ni 430,000 kila mwezi.

Sasa shusha ada iwe 80,000. Kila mtoto anakuachia 50,000, na idadi unayohitaji imepanda kutoka 23 hadi 31. Nafasi zako ni 28. Yaani hata kituo kikijaa pomoni, bado unakula hasara, na wale wazazi 16 waliokuwa wanalipa ada kamili bila kulalamika umewapunguzia bila wao kuomba. Kuirudisha ada juu baadaye ni ugomvi. Kila mmiliki ninayekutana naye namwomba afanye hesabu hii kwa namba zake mwenyewe kabla ya kubandika tangazo lolote la punguzo getini.

Watoto wanaenda wapi Januari? Tunajua. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, darasa la awali katika shule za msingi za serikali halina ada, na mtoto akifika miaka mitano mzazi anampeleka huko. Ni haki yake, wala hatakiwi kubembelezwa abaki. Kwa hiyo kila Septemba fungua rejista uhesabu waliozaliwa mwaka gani. Wale wanaotimiza mitano unawajua kwa majina miezi minne kabla hawajaondoka.

Lakini angalia saa. Mtoto wa awali anamaliza masomo mapema, mchana hata haujafika. Mama yake yuko Kariakoo dukani, au yuko ofisini, na atafika nyumbani jioni. Saa zote hizo mtoto anabaki na nani? Mara nyingi anabaki na jirani, au na kaka yake wa darasa la tatu. Huyu mtoto hajaacha kuhitaji kituo, anahitaji nusu ya siku. Ukimtoza 50,000 kwa mwezi, ukampa chakula cha mchana, mahali pa kulala na mtu wa kumfuata shuleni kwa miguu, gharama yake ni kama 15,000 na unabaki na 35,000. Wakirudi wanane kwa mpango huo, umepata 280,000. Mazungumzo haya na wazazi yafanyike Novemba, wakati bado wanakuja getini kila jioni. Ukisubiri Februari, wameshapanga maisha mengine.

Hapo ndipo suala la mlezi linapoingia. Ukiwa na watoto 16 badala ya 28, walezi wako wana mikono iliyo wazi. Wamiliki wengi huona hasara hapo, mimi naona bidhaa. Ni nani atakayemfuata mtoto wa awali shuleni kama mlezi umeshamrudisha kwao? Na watoto wachanga je? Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 kwa mtoto mmoja. Mtoto wa miezi mitatu mama anarudi kazini, na anatafuta mtu wa kumwamini, maana vituo vingi havipokei wa umri huo. Ukiwa na chumba tulivu, friji ya kuhifadhia maziwa anayokamua mama, na mlezi mmoja asiyegawanywa na kundi kubwa, ada ya 120,000 ni ya haki kabisa. Wachanga wawili wanakuachia kama 200,000. Zijumlishe na zile 280,000, pengo la 430,000 limezibwa bila kumpunguzia mtu shilingi. Ila usipokee mchanga kama huna mlezi wa kumkalia. Hapo sibishani na mtu, hata kama fedha inahitajika kesho.

Kuna jambo jingine la walezi ambalo daftari halionyeshi. Mama anafika getini saa kumi na mbili jioni, mwendokasi umemsimamisha njia nzima. Anti anamkabidhi mtoto na kumwambia: "Leo kala wali wote, maharage kabakiza. Kalala saa saba mpaka saa nane na nusu. Na mama, lile jino la chini limeshachomoza, mwangalie." Mama anainama pale pale kutafuta jino. Mzazi huyo hatahama kwa sababu kituo cha mtaa wa pili kina bembea mpya. Akikuta sura ngeni getini mara mbili tatu, na mtoto akilia asubuhi asiachie kanga ya mama yake, ataanza kuulizia dada wa kazi.

Njia nzuri ya kupunguza mzigo wa mishahara bila kumpoteza mtu ni likizo. Mfanyakazi ana siku 28 za likizo ya mwaka kisheria. Zipangeni kwa zamu Desemba na Januari, watoto wakiwa wachache, usije ukalipa mtu wa kushikilia nafasi mwezi wa Agosti kituo kikiwa kimejaa.

Mengine niyapitie haraka. Kama pango unalipa kwa miezi sita na awamu moja inaangukia Januari, zungumza na mwenye nyumba mapema isogezwe hadi Machi au Aprili. Makadirio ya kodi ya mapato ya TRA yanalipwa kwa awamu nne, na ya mwisho inaisha Desemba, mwezi mbaya kuliko yote kwetu. Biashara ikishuka, nenda na vitabu vyako ukaombe makadirio yarekebishwe kabla tarehe haijapita. Mama anayeuza mboga au chakula mwache alipe 25,000 kila Jumatatu kwa simu, kwa sababu ndivyo fedha yake inavyoingia. Na chakula usikiguse. Uji ukiwa mwepesi, mtoto atafika nyumbani na njaa, na mama atajua usiku uleule.

Wapo ambao watafanya yote haya na bado wakabaki na watoto wanane hadi Aprili. Kwao ushauri wangu ni mwingine: angalia kama mtaani kwenu kuna kituo chenye hali hiyohiyo, mkae mzungumze kuungana. Pango moja, jiko moja, walezi bora wa pande zote mbili. Kabla ya kuhamisha hata godoro moja, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kwa sababu usajili wa mmoja haumfuniki mwenzake. Wazazi nao waambieni wiki kadhaa mapema, na walezi wa kila upande wahame pamoja na watoto wao.