Upasuaji rekebishi na upasuaji wa urembo: maswali kutoka Dodoma

Je, upasuaji huu, unaoitwa pia wa plastiki, hutumia plastiki?

Hapana. Neno hilo limetokana na Kigiriki, likiwa na maana ya kufinyanga, na madaktari walilitumia kabla plastiki ya ndoo na mifuko haijatengenezwa. Utaalamu wenyewe haukukuzwa na urembo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza, alijenga upya nyuso za askari zilizovunjwa na risasi na mabomu, akihamisha ngozi hai kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, na ni ujuzi wa namna hiyohiyo unaotumika leo kupunguza tumbo au kuinua matiti.

Ni nani hasa wanaouhitaji katika mikoa yetu ya kati?

Kwa maoni yangu, wa kwanza ni walioungua. Mtoto huvuta sufuria ya uji iliyo juu ya mafiga, au mtu mwenye kifafa huanguka motoni. Kidonda hupona nyumbani kwa muda mrefu, na familia hushukuru kwamba kimefunga. Lakini kovu la moto huendelea kusinyaa kwa miezi mingi, na kwa mtoto kuna tatizo la ziada, kwani mifupa hukua ilhali kovu halinyooki pamoja nayo. Ndipo vidole vinapokunjamana kiganjani, kwapa likashikamana, au kidevu kikavutwa kuelekea kifuani. Daktari hulikata kovu ili kiungo kiachie, kisha hufunika pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani au kwingineko. Baada ya hapo mgonjwa huvaa kifaa cha kunyoosha kiungo na kufanya mazoezi kwa miezi kadhaa. Asipofanya hivyo, kovu huvuta tena.

Wengine ni watoto waliozaliwa na mdomo sungura, ambao mdomo wao huweza kurekebishwa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na kaakaa kabla ya kufikia mwaka mmoja na nusu, ili wajifunze kuongea vizuri. Wapo pia majeruhi wa bodaboda na wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani.

Upande wa urembo, ni nini kimebadilika?

Mengi. Duniani kote huduma za urembo zisizo za upasuaji, kama sindano za kulainisha mikunjo ya uso, sasa ni nyingi kuliko upasuaji wenyewe. Madaktari wengi hutumia mafuta ya mgonjwa mwenyewe pale walipozoea kuweka silikoni, na baadhi ya wanawake hurudi kuondoa vipandikizi vyao. Mwaka 2019 aina fulani ya vipandikizi vya matiti vyenye ganda la kukwaruza iliondolewa sokoni kwa kuhusishwa na saratani adimu. Dawa za kupunguza uzito kama semaglutide nazo zimeleta wagonjwa wa aina mpya, yaani watu waliopungua haraka wakabaki na ngozi inayoning'inia. Hapa nchini, huduma za urembo zinapatikana katika hospitali ya umma, Muhimbili Mloganzila, jambo ambalo zamani wengi walilifuata nje ya nchi.

Kuongeza makalio kuna hatari gani?

Mafuta ya mgonjwa mwenyewe yanayotumika kuongeza makalio, yakiingizwa ndani ya msuli, yanaweza kupenya katika mishipa mikubwa ya damu, yakafika kwenye mapafu na kuua ndani ya muda mfupi. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilitoa onyo la pamoja, vikikadiria kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000. Tangu hapo daktari hutakiwa kuyaweka chini ya ngozi tu, juu ya msuli. Sindano za kuongeza shepu zinazochomwa saluni au nyumbani zisizungumzwe kama huduma ya afya.

Naweza kufanyiwa Dar es Salaam na kurudi Dodoma kesho yake kwa treni?

Haishauriwi, hata kama SGR inakufikisha kwa saa tatu au nne tu. Kukaa kitako muda mrefu baada ya upasuaji mkubwa huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, na ukivuja damu njiani hakuna wa kukusaidia. Panga malazi karibu na hospitali hadi daktari akuruhusu. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na ni bingwa wa fani hii, uliza ni nani atakayetoa nusu kaputi, na umweleze daktari bila kuficha kama unatumia mkorogo, yaani krimu za kujichubua, kwa sababu zile zenye steroidi hudhoofisha ngozi na kuchelewesha vidonda kupona. Mweleze pia kama makovu yako huvimba na kuwa keloidi.

Bibi yangu ana ndewe zilizotanuliwa zamani kwa mila ya Kigogo, na moja imekatika. Inaweza kuungwa?

Inaweza, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kingo zilizokwisha kupona hukatwa upya kidogo ili nyama mbichi ikutane na nyama mbichi, kisha hushonwa. Akitaka kuvaa hereni tena, asubiri miezi kadhaa, na tundu jipya litobolewe pembeni mwa kovu.