Je, wajua kwa nini meno ya difu hupakwa rangi kabla ya kufungwa?

Ukimuona fundi anapaka rangi meno ya difu (kasha la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye tairi) usidhani anapamba, hapo ndo anapima. Nilifungua difu ya Land Rover Series III nyumbani chini ya mwembe, sina geji ya saa (kipimo cha mshale cha kupimia nafasi ndogo) wala kifaa chochote cha kiwandani, na kopo la rangi ndo lilinionyesha kila kitu.

Iko hivi, propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi) inazungusha pinioni, gia ndogo, na pinioni inazungusha krauni, gia kubwa, nguvu inaenda kwenye shafti za tairi. Kwenye Land Rover hizi pinioni ina meno 10, krauni 47, ndo maana propela inazunguka mara 4.7 tairi zikizunguka mara moja. Hizo mbili ni pea, zimesagwa pamoja kiwandani, ukichanganya na ya gari nyingine italia tu hata kama meno yanalingana idadi.

Sasa zikikaa vibaya hata kwa unene wa unywele, meno hayagusani katikati, mzigo wote unabebwa na kipande kidogo cha jino, difu inalia vuuu ukikanyaga mafuta, na baadaye jino linakatika. Kwa macho huoni kitu. Kwa hiyo safisha na petroli, paka rangi ya mafuta nyembamba kwenye meno matano sita ya krauni, mtu aibane krauni na kitambaa iwe nzito, we zungusha pinioni mbele na nyuma halafu soma alama. Ikiwa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali na krauni, ongeza shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi). Ikiwa chini kwenye shina, pinioni imezama, punguza shimu. Mimi nilirudia mara saba, mikono imejaa rangi nyekundu, ile ya saba alama ikakaa katikati kabisa nikaita watu waje kuona!

Uchezaji kati ya meno uwe kama 0.2 mm, karatasi mbili za kuchapia, unaurekebisha kwa nati za pembeni, legeza moja kaza nyingine kiasi kile kile. Na vile vifuniko vya beringi vipigie nukta kabla hujafungua, cha kushoto kirudi kushoto, maana vimechongwa vikiwa mahali pake.

Ukimaliza futa rangi, weka oili ya gia namba 90, endesha taratibu kilomita chache, simama, sogeza mkono kwenye difu polepole. Vuguvugu ni sawa. Ikiunguza, beringi umezibana mno, inarudi chini ya mwembe.