Je, wajua kwa nini ukifuta pendekezo kwenye menyu ya Start linakuja lingine?

Unafungua menyu ya Start kwenye kompyuta ya Windows, katikati ya programu zako unakuta gemu au apu ambayo hujawahi kuiweka. Jibu la haraka la watu wengi ni virusi. Wanaskani kompyuta nzima, antivirusi inasema hakuna kitu, wanaweka antivirusi nyingine nayo inasema hivyo hivyo, wanaishia kuamini kwamba hivi virusi ni vya aina ngumu sana. Wengine wanasema hapana, ni programu iliyojiweka yenyewe, kwa hiyo wanaifuta, na baada ya muda pale pale pamekaa kitu kingine.

Antivirusi haikosei hapo, kwa sababu mara nyingi hakuna programu ya kuikamata. Pendekezo ni picha ndogo, jina, na linki ya kwenda Microsoft Store, basi. Programu yenyewe bado iko kwenye seva huko mbali na itashuka kwenye kompyuta yako pale tu utakapobonyeza. Kwenye Windows 11 hata baadhi ya zile ikoni zinazokuja zimeshabandikwa kwenye kompyuta mpya ziko hivyo, unaona ikoni kamili yenye rangi zake ukajua apu ipo, kumbe inaanza kupakuliwa siku unayoigusa mara ya kwanza. Ndio maana ukizifuta ukitegemea diski ipate nafasi au kompyuta iwe nyepesi hutaona tofauti, hakukuwa na mzigo wa kutua.

Ila wanaosema "imejiweka yenyewe" wasipuuzwe, maana kwenye Windows 10 kuna apu zilizokuwa zinawekwa kweli kimya kimya, gemu ya Candy Crush Saga ndiyo inayokumbukwa zaidi. Njia rahisi ya kujua unashughulika na kipi ni kufungua Settings uangalie orodha ya apu zilizowekwa. Kama ipo na inaonyesha ukubwa wake, hiyo ni programu, ifute. Kama haipo kwenye orodha, unachokiona ni tangazo tu.

Sasa linatoka wapi? Ndani ya Windows 10 na 11 kuna kijisehemu kinaitwa Content Delivery Manager. Kazi yake ni kuuliza seva za Microsoft kuna nini cha kuonyesha, kupokea majibu na kuyahifadhi kwenye akaunti yako, kisha menyu ya Start inakuja kuchukua hapo. Fikiria ubao wa matangazo ukutani na mtu ambaye kazi yake ni kupita kubandika karatasi. Menyu ya Start ni ukuta, pendekezo ni karatasi. Ukichana karatasi, umechana karatasi tu, mbandikaji hana habari na ana nyingine mkononi, tena akikuta nafasi wazi ndo anabandika vizuri zaidi. Antivirusi inakagua ukuta kama una ufa, haina ugomvi na karatasi. Cha kufanya ni kumwambia mbandikaji ukuta huu usiuguse. Na kinachonivutia mimi ni kwamba mbandikaji huyu ndiye yule yule anayekuletea zile picha nzuri za milima na bahari kwenye skrini ya kufungulia kompyuta, kazi zote mbili zinapita mlango mmoja.

Kumwambia kwenyewe ni dakika moja. Fungua Settings, ingia "Personalization", halafu "Start". Kwenye Windows 10 tafuta swichi yenye neno "suggestions", kwenye Windows 11 ile yenye "recommendations", izime. Maneno yanayozunguka hilo neno yamebadilishwa toleo hadi toleo kwa hiyo usitafute sentensi nzima, tafuta hilo neno moja. Hapo hapo Windows 11 ina swichi nyingine ya mafaili uliyofungua karibuni, usiizime kwa kudhani ni kitu kimoja maana hiyo inaondoa pia orodha ya mafaili ya karibuni ndani ya File Explorer. Ukishazima, zile ikoni zilizobandikwa zamani zitabaki, zitoe kwa mkono. Mpangilio muhimu ni huo, chanzo kwanza halafu usafi, ukianza na usafi unaweza kujikuta unaurudia.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba swichi hii ni ya akaunti, sio ya kompyuta. Ukimfungulia mwenzako akaunti yake kwenye mashine hiyo hiyo, yeye anaanza upya na mapendekezo yote. Kuna maelekezo yanazunguka mtandaoni ya kuzima kila kitu kwa mashine nzima kupitia sera (mpangilio wa msimamizi unaotawala mashine yote) inayoitwa "Turn off Microsoft consumer experiences", na sera hiyo ipo kweli, ila tangu Windows 10 toleo la 1607 la mwaka 2016 inafanya kazi kwenye Windows za aina ya Enterprise na Education tu, yaani za makampuni na za shule. Mwenye Windows ya aina ya Home au Pro anafuata hatua zote, hapati kosa lolote, na hakuna kinachobadilika. Toleo hilo hilo la 1607 ndilo lililopandisha apu za matangazo kwenye menyu ya Start kutoka 5 hadi 10.

Na kama unazima swichi lakini ukiandika herufi mbili kwenye menyu bado unaletewa vitu vya intaneti, hilo ni jambo tofauti kabisa, ni utafutaji wa Bing (mtambo wa kutafutia wa Microsoft) ulioungwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Swichi ya mapendekezo hailigusi, lina thamani yake kwenye rejista (Registry, hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows) inaitwa DisableSearchBoxSuggestions, inawekwa 1, halafu unatoka kwenye akaunti na kuingia tena.