Barua ya saratani ifike kabla ya bajeti

Mwezi wa Juni mzee mmoja kutoka upande wa Micheweni alifika ofisini kwetu Chake Chake na barua ya kurasa mbili, hati ya mkono kwenye karatasi za daftari, nyuma yake saini za watu wa shehia yake. Walitaka Serikali ilete Pemba mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Barua nzuri, mhuri wa sheha upo. Ila imechelewa. Makadirio ya wizara yalikwishafika mbele ya Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Tangu kampeni ya chanjo na uchunguzi ipambe moto, barua za namna hii zimezidi, na tunazipokea kwa furaha. Lakini nyingi zinapotea njia. Afya si jambo la Muungano. Bajeti ya afya ya Zanzibar inapitishwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, haipitishwi Bungeni Dodoma, kwa hiyo wa kuandikiwa ni Mwakilishi wa jimbo. Tunalisema hili kila mwaka.

Sasa hiyo mashine. Watu wanaizungumza kama friji: inanunuliwa, inachomekwa, basi. Inataka chumba chenye kuta za zege ambazo unene wake unaweza kupita mita 1, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, wataalamu wa fizikia ya tiba wa kupima dozi, na umeme wa uhakika. Umeme wetu Pemba unatujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Sisemi msiombe. Nasema ombeni na hayo mengine.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo sijaliona kwenye barua hata moja. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa mionzi wamekuwa wakivuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kama 5. Kila siku ni dakika chache kitandani. Saa zilizobaki mama wa Wete na bintiye anayemuuguza wanalala wapi, wanakula nini? Wapo wanaokatisha tiba kwa sababu fedha ya kula imekwisha, na dozi iliyokatishwa si nusu ya kupona. Ningekuwa ndiye mwandishi wa barua, ningeanza na nauli ya boti na mahali pa kulala.

Na ningedai kinga, ambayo gharama yake ni ndogo mno kulinganisha. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, ilianza kutolewa nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi. Mzazi aliyemzuia mtoto skuli siku ya chanjo kwa maneno ya barazani ajue kuwa aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hii. Uchunguzi nao ni siki iliyochanganywa kwa kipimo, inapakwa kwenye shingo ya kizazi, inasubiriwa dakika moja, na penye kasoro panageuka peupe. (Hapana, usijipake ya jikoni.) Kuhusu tambuu yenye popoo na tumbaku nimeshachoka kusema: vyote viwili vinaleta saratani ya kinywa, hata kama bibi yako alitafuna akafika miaka 90.

Kwa utaratibu: barua iwe na tarehe, jina la shehia, jimbo na namba ya simu ya mtu mmoja wa kujibiwa. Ipite kwa sheha, iende kwa Mwakilishi, nakala wizarani, kabla ya mwaka kugeuka au Januari kwa kuchelewa kabisa. Msiambatishe vyeti vya mgonjwa wala picha yake bila ridhaa yake. Saini ya mtu hasaini mwingine, hata mke kwa mume. Kughushi ni kosa la jinai, na barua nzima itawekwa kando kwa saini moja. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa palepale dirishani, msiambiwe "njooni kesho".

Yule mzee tulimrudishia barua yake aibadilishe tarehe. Aliikunja, akaitia mfukoni, akauliza kama Disemba ofisi huwa wazi. Huwa wazi.